Namba ya Mguu

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kulia ulitoka wenyewe, usiku, ndani ya soksi, siku ya kumi na moja tangu niingie porini Ugalla. Asubuhi nilipoigeuza soksi kuikung'uta majivu, ulidondoka kwenye turubai mbele ya hema. Ulikuwa mweusi kama mbegu ya tikiti. Niliutazama kidogo, nikachimba kishimo kwa kidole, nikaufukia kabla mtu hajauona. Kisha nikavaa buti zangu, nikakaza kamba, nikasema niko tayari.

Nilikuwa nimekuja kuhesabu viota vya sokwe. Sokwe hutengeneza kiota karibu kila jioni kwa kukunja matawi juu ya mti, hulala humo, na kesho yake hujenga kingine mahali pengine. Kumwona sokwe mwenyewe kwenye pori kubwa kama hili ni bahati. Viota angalau havikimbii. Kwa hiyo mtafiti huchora mistari iliyonyooka kwenye ramani, huitembea kwa miguu, huhesabu viota anavyoviona, hupima umbali wa kila kiota kutoka kwenye mstari, na kwa hesabu hizo hukadiria idadi ya sokwe. Neno la kuzingatia hapo ni "iliyonyooka". Mstari hauijui milima. Ukikutana na korongo, unashuka korongo.

Na Ugalla ina makorongo. Mtu anayeijua Mpanda kwa barabara tu anaweza kudhani Katavi yote ni tambarare, kwa sababu barabara na reli hutafuta tambarare. Ukitoka mjini kwenda kaskazini, ukaifuata njia ya Mishamo, kisha ukaiacha barabara, miombo inaanza kukunjamana: kilima, korongo, kilima, korongo, mitundu na mininga juu, na chini palipo na maji ukanda mwembamba wa msitu wa kijani. Kiangazi nyasi huungua, ukawa unatembea juu ya mawe yaliyofunikwa majivu huku mbung'o wakikutoboa mgongo kupitia shati. Kupanda hakukunisumbua. Shida ilikuwa kushuka. Mtu anaposhuka, mguu wote husogea mbele ndani ya kiatu, na kama mbele hakuna nafasi, vidole ndivyo vinavyogeuka kuwa breki.

Buti zile nilizinunua sokoni Mpanda kwa shilingi 35,000. Jozi mpya ya aina hiyo niliyoiulizia Dar es Salaam ilizidi 400,000, na fungu langu lote la vifaa, pamoja na betri, futi ya kupimia na dawa, halikufika laki tatu. Kwenye meza ya mitumba nilikuta buti za kahawia, ngozi nzima, jina la kampuni kubwa ya Ulaya ubavuni, namba 39. Mimi huvaa 39. Muuzaji alinitandikia kipande cha katoni nisichafue soksi, nikasimama juu yake kama dakika tano. Zilinibana kidogo mbele.

"Zitaachia hizo, dada," alisema. "Ngozi hiyo. Wiki moja tu."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nimekulia Mpanda, kwenye nyumba ya watoto watano, na kwetu viatu vilinunuliwa Januari, vikubwa, vya kukulia. Mwaka wa kwanza vilinipwaya na mama alivijaza pamba mbele. Mwaka wa pili vilinitosha. Mwaka wa tatu vilinibana, na nilivivaa kisigino kikiwa kimekanyagwa hadi aliyenifuata akavirithi. Ukipiga hesabu, theluthi mbili za utoto wangu nilivaa kiatu ambacho si saizi yangu, na sikuwahi kusikia mtu akikilaumu kiatu. Mguu ndio uliotakiwa kuvumilia. Nilifika shahada ya uzamili bado nina adabu hiyo: kiatu kikibana, nanyamaza, nangoja kiachie.

Hakikuachia.

*

Siku ya tisa, mstari wa nne ulitufikisha kwenye ukingo wa korongo. Tulikuwa watatu: mimi, kijana aliyebeba kifaa cha kusoma majira ya mahali, na mzee wetu wa njia, Mbende aliyewahi kurina asali kwenye milima hii kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwaongoza watafiti. Korongo lilikuwa refu, mteremko wa mawe, miti imeng'ang'ania pembeni. Tangu siku ya sita nilikuwa nashuka kiubavu kama kaa, na tulichopaswa kukimaliza saa nane mchana tulikuwa tunakimaliza jioni. Nilisimama pale ukingoni. Nikatoa darubini, nikaipitisha huku na huku.

"Hapa chini hakuna kitu," nilisema. "Tuzungukie juu, tuukute mstari ng'ambo."

Kijana alishukuru Mungu. Mzee hakusema neno. Alinitazama, lakini hakunitazama usoni, alinitazama miguuni. Kwenye daftari, sehemu ya korongo lile, nikaandika 0.

Ili uelewe uzito wa sifuri ile, ni lazima ujue kwamba sokwe wa Ugalla wanapenda kulala kwenye miteremko. Hilo limeandikwa na waliotutangulia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelinukuu katika pendekezo langu la utafiti, sura ya pili, kwa kujiamini kabisa. Kukwepa mteremko Ugalla na kuandika sifuri ni sawa na kwenda kuhesabu watu kijijini usiku, ukaruka nyumba zote zenye vitanda. Takwimu hiyo ingeingia kwenye hesabu, hesabu ingeingia kwenye tasnifu, na siku moja mtu angekaa ofisini na kuamua pori lipi lina sokwe wa kulindwa na lipi halina. Hakuna ambaye angeona kidole changu katikati ya mahesabu hayo.

Usiku wa siku ile ya kumi na moja, tukiwa kando ya moto, mzee alisogeza kigoda chake karibu.

"Binti, ule ukucha uliouzika asubuhi ni wa kidole kipi?"

Nilishtuka. Nikamuuliza ameuonaje.

"Mimi nimefuata nyuki maisha yangu yote. Nyuki mmoja, angani. Leo nishindwe kumwona mtu mzima anachimba shimo mbele ya hema?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Vua hivyo viatu."

Nilivua. Kijana alimulika tochi na kuguna. Gumba la kulia lilikuwa nyama tupu, la kushoto ukucha wake ulikuwa unaelekea kuwa mweusi, na visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge yaliyokwisha kupasuka. Mzee hakunipa pole. Alichana upande wa katoni ya tambi, akauweka chini, akanisimamisha juu yake wima, uzito miguu yote miwili, akachukua kipande cha mkaa na kuzungusha unyayo wangu taratibu, mkaa ukiwa umesimama wima kama penseli. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

"Katambuga zangu zilikatwa hivi," alisema. "Yule fundi wa Mishamo anakusimamisha kwenye tairi, anachora chaki, anakata. Hakuulizi namba. Mimi namba yangu siijui hadi leo."

Nilivuta soli ya ndani ya buti langu la kulia, ile inayotoka, nikailaza juu ya mchoro. Kichwa cha gumba langu la mkaa kilichungulia nje yake, na pembeni, penye kidole kidogo, mchoro ulikuwa umeizidi kwa karibu upana wa kalamu. Mkaa huongeza kidogo kwenye kingo, najua. Lakini nilikuwa na futi, na futi haikuongeza kitu: mguu wangu wa kulia ulikuwa na sentimita 25.0, wa kushoto 24.6. Soli ya buti ilikuwa na 25.2. Kwa siku kumi na moja nilikuwa nimeteremka milima ya Ugalla nikiwa na milimita mbili za nafasi, na ndani ya hizo milimita mbili nilikuwa nimeongeza soksi nene.

*

Ukikaa Ugalla ni vigumu kutoifikiria miguu. Mwaka 2022 watafiti wa Bonde la Issa, humu humu Ugalla, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia sokwe wa huku ili kuelewa jinsi binadamu alivyoanza kusimama. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba miti ilipopungua, mababu zetu walishuka chini na kusimama kwa miguu miwili. Sokwe wa Issa wanaishi kwenye miti michache kuliko sokwe wa misituni, lakini wanaposimama kwa miguu miwili, mara nyingi kabisa wanakuwa juu ya mti, wameshika tawi, wanachuma. Pengine kusimama kulianzia huko juu.

Mguu wa sokwe una gumba lililotengana na vidole vingine, linashika tawi kama mkono. Letu liliacha kushika, likajipanga mstari mmoja na wenzake, likawa kidole cha kusukumia ardhi. Nyayo za Laetoli, huko Ngorongoro, zilizochimbuliwa mwaka 1978 kwenye jivu la volkano lililoganda, zina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, na gumba tayari limekaa kwenye mstari. Kidole kile kilichukua muda wote huo kujifunza kazi yake. Mimi nilikiharibu kwa siku kumi na moja kwa sababu niliona aibu kumwambia muuzaji kwamba kiatu kinanibana.

Siku ya kumi na tatu nilipanda bodaboda hadi barabarani nikiwa na ndala, nikapata gari la Mpanda. Kwenye begi nilikuwa na katoni mbili. Ya pili ilikuwa na mguu wa mzee. Nilikuwa nimeomba kuuchora nao, kwanza kwa utani tu, kulipiza. Nilipomaliza nikamwambia, kwa ile sauti ya msomi aliyegundua jambo, kwamba kumbe yeye mwenye katambuga za shilingi elfu chache ndiye mwenye kiatu kinachomtosha kuliko wote kambini.

"Zinanitosha," alikubali. Akanionyesha ubavu wa mguu, makovu ya miiba yaliyopangana kama tarakimu. "Lakini nikipata buti nitavaa. Mwiba hauulizi kama umezoea."

*

Meza ya viatu ilikuwa pale pale. Muuzaji alinikumbuka, akaniona na ndala, akaelewa.

"Hazikuachia?"

"Hazikuachia, kaka."

Hakubishana, wala hakukubali kosa; alinivutia benchi. Chini ya benchi, vikishikilia turubai lisipeperushwe na upepo, kulikuwa na viatu viwili ambavyo sikuwahi kuviona kwa macho: plastiki ngumu nyeupe, virefu hadi katikati ya muundi, kila kimoja kina vifungo vinne vya chuma, soli bapa isiyokunjika. Alisema vilitoka kwenye belo kutoka Ulaya. Wengine walidhani ni vya zimamoto, wengine vya waliovunjika miguu. Mtoto mmoja alikuwa amevivaa akatembea kama roboti hadi kwa mama ntilie, soko zima likacheka. Hakuna aliyenunua.

Nilivipiga picha nikamtumia rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya kwanza, ambaye sasa anasoma Norway. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka hadi akakohoa. Vilikuwa viatu vya kutelezea kwenye theluji. Si vile vyepesi vya mbio ndefu, kama alivyovaa Philip Boit, Mkenya aliyekimbia Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho na kumkuta bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, amemsubiri mstarini amkumbatie. Hivi vilikuwa vya kushukia mlima, vile ambavyo mguu unafungwa kabisa ili kila unapoinama kiatu kigeuze ubao.

Kisha, kwa sababu alikuwa ameyapitia, alinieleza jinsi alivyonunua vyake. Naye ni mwanafunzi, naye hana hela, naye alinunua mitumba: kule maduka ya kukodisha vifaa huuza vya zamani msimu ukiisha. Jozi yake ya kwanza ilikuwa kubwa mno, kwa sababu dukani ilikuwa laini, raha tupu. Mlimani mguu ukawa unaogelea. Akakaza vifungo hadi damu ikashindwa kupita, vidole vikafa ganzi, na bado kisigino kiliinuka. Jozi ya pili ilichaguliwa na mzee mmoja wa dukani. Alimwambia atoe kile kiatu laini cha ndani, aingize mguu mtupu kwenye gamba la plastiki, asogeze vidole hadi viguse mbele, kisha akapima kwa vidole vya mkono nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Kimoja hadi viwili, sawa. Zaidi ya hapo, hapana, hata kama bei ni bure.

"Na uangalie namba iliyoandikwa," alimalizia. "Viatu hivyo ndivyo vyenye namba ya ukweli."

Niliinua kimoja. Ndani kiliandikwa 26.5. Ubavuni mwa kisigino, 305 mm. Hiyo ya pili ni urefu wa gamba lenyewe kwa nje, inayomhusu fundi wa kufungia ubao. Lakini 26.5 si urefu wa kiatu. Ni urefu wa mguu wa mtu, kwa sentimita, anayepaswa kukivaa.

Namba zetu nyingine haziko hivyo. Namba ya Ulaya, ile 39 niliyoizoea, huhesabu theluthi mbili za sentimita, na kinachopimwa ni lile umbo ambalo kiatu hushonewa juu yake. Thelathini na tisa mara theluthi mbili ni sentimita 26. Ndani ya hizo 26, kila kiwanda huamua chenyewe kiuachie mguu nafasi kiasi gani, na kiatu cha mtumba kimeshaloa na kukaushwa mara nyingi kwenye mguu wa mtu mwingine. Namba ya Kiingereza nayo huenda kwa theluthi ya inchi, urefu wa punje ya shayiri ya zamani. Maisha yangu yote nilikuwa nasema "navaa 39" kama mtu anayetaja kabila lake. Kumbe mimi ni 25.

*

Nilichofanya mchana ule ningeweza kukifanya mara ya kwanza, na hakikunigharimu hata senti. Nilingoja hadi saa kumi na moja jioni, miguu ikiwa imevimba kwa joto na mwendo wa siku nzima, kwa sababu ndiyo hali yake halisi mlimani. Nikavaa soksi za kazini. Sikujaribu kiatu hata kimoja kabla ya kutoa soli yake ya ndani, kuilaza juu ya katoni yangu, na kupima. Nilitafuta sentimita 26 na ushei, nafasi ya kidole gumba cha mkono mbele ya vidole vya mguu. Hapo ndipo buti za mlima na vile viatu vya theluji vinapoachana: kule vidole hugusa mbele ukisimama na kurudi nyuma ukikunja magoti, na kinapaswa kukubana kila mahali, huku vidole havitakiwi kugusa kitu hata ukishuka. Kiswahili kina neno moja, kutosha, kwa vyote viwili. Inabidi uulize kwanza, kitoshe kwa kazi gani?

Jozi ya kwanza iliyopita kipimo ilikuwa nzuri kupita zote, kama mpya, 40,000. Fundi viatu aliyekaa jirani aliniita kwa kidole. Aliichukua, akabonyeza kwa kucha lile tabaka la katikati la soli, lile jepesi kama sponji. Vumbi likatoka. Plastiki ile hunyonya unyevunyevu wa hewa na kuoza polepole, hata buti ikiwa imewekwa kabatini haijavaliwa. Kwa macho ni mpya. Mlima wa kwanza, inamegeka kama keki.

"Bora iliyochakaa kwa kutembea," fundi alisema, "kuliko iliyooza kwa kukaa."

Niliyonunua ilikuwa mbaya kwa sura: kijivu, kamba tofauti kushoto na kulia, soli ya nje imelika kisigino. Namba iliyoandikwa ni 40. Soli ya ndani, sentimita 26.4. Nilisimama nayo kwenye ngazi za mfereji wa sokoni, nikashuka kwa kishindo mara kumi, watu wakinitazama. Vidole havikugusa. Kisigino hakikuinuka. Nikaiuliza bei, 50,000, nikairudisha ile ya zamani, ikakubaliwa kwa 15,000, nikaongeza 35,000. Fundi aliishona soli kuizunguka yote kwa 6,000. Ukijumlisha yote, buti zinazonitosha zilinigharimu 76,000 pamoja na ukucha mmoja. Zingekuwa 56,000 na kucha zote kumi kama ningepima mara ya kwanza.

Katoni ya mzee nilikuwa nayo pia. Sentimita 27.2, na mbele pana, pana kuliko soli yoyote pale mezani, vidole vimetawanyika kama vya mtu ambaye hajawahi kufungiwa kiatu. Nilijaribu jozi mbili, tatu. Urefu uliniridhisha, upana ukakataa. Nikawa na 20,000 mfukoni za kunirudisha porini. Ningeweza kukopa. Nilimwambia muuzaji aniangalizie kwenye belo lijalo, nikaondoka.

Hilo ndilo ninaloliandika kwa shida zaidi katika yote haya. Kwenye bajeti yangu, iliyopitishwa na kusainiwa, kulikuwa na mstari usemao: buti za porini, jozi 1. Niliuandika mimi. Nilipouandika nilijua tutakuwa watu watatu.

*

Tulirudi kwenye korongo siku ya kumi na tisa. Sikumwambia mtu kwa nini turudie mstari uliokwishafanyika, na hakuna aliyeuliza. Niliacha kidole kipate hewa siku tatu, nikakifunga bandeji, nikashuka. Nilishuka uso mbele, kama watu. Mawe yalikuwa yale yale. Nusu ya mteremko mzee alisimama, akaelekeza kwa kidevu. Kiota, kwenye mtundu, majani yameshakauka na kuwa kahawia. Kisha kingine juu yake. Tulipofika chini tulikuwa tumehesabu saba, viwili vikiwa bado na majani ya kijani.

Kukiona kiota toka ukingoni kwa darubini kusingewezekana. Mteremko ulivificha vyote. Nilikaa kwenye jiwe, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya tisa, nikaikata ile 0 kwa mstari mmoja ili isomeke, nikaandika pembeni tarehe na maneno "haikutembewa". Kisha nikafungua ukurasa mpya.

"Ulijua," nilimwambia mzee.

"Nilijua vipo. Sikujua vingapi." Alikuwa anachomoa mwiba kwenye ubavu wa mguu wake kwa ncha ya kisu. "Wewe ndiye wa kuhesabu."

Buti zake zilipatikana miezi miwili baadaye, nilipokuwa nimerudi Mpanda kwa awamu ya pili. Belo lilileta buti za kazi, za wajenzi wa huko zilikotoka, pana, zisizo na chuma mbele. Soli ya ndani ilikuwa na 28.5, na katoni yake iliingia yote bila kuchungulia. 45,000, na awamu hii bajeti ilisema jozi 3, maana na yule kijana ana miguu. Aliyeiidhinisha aliniuliza mara moja tu kwa nini. Nilijibu kwamba takwimu zinategemea.

Mzee alizivaa, akatembea hadi kisimani na kurudi, akasema ni nzito na kwamba ni nzuri. Siku za tambarare bado anavaa katambuga. Siku za makorongo anavaa buti.

Ile katoni aliniomba nimrudishie. Nilidhani anataka kuwashia moto. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye kopo la maziwa anamohifadhi kitambulisho cha mpiga kura na namba za simu za wanawe. Juu yake, kwa mkaa, alikuwa ameniomba nimwandikie ile tarakimu, kubwa, isomeke hata na mtu mwingine: 27.2.